Amepona au hajapona? Tuongee kuhusu majibu mazuri baada ya imunotherapi

Mgonjwa wa kansa steji ya nne akitoka kwenye kipimo na majibu mazuri, swali la kwanza la ndugu huwa moja tu, amepona? Na hapo ndo mkanganyiko unapoanza maana jibu la kweli si ndiyo wala si hapana. Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Mama mdogo wangu anaishi hapa Moshi, ana kansa ya shingo ya kizazi iliyosambaa mpaka kwenye pafu na kwenye tezi za tumboni, alianzishiwa kemo pamoja na imunotherapi, yaani dawa za kuiachia kinga ya mwili ipigane na kansa, na majibu ya kipimo cha picha cha CT yalipotoka yanaonyesha uvimbe umepungua sana, simu hazikukatika. Wa Rombo anasema kapona tumshukuru Mungu, wa Arusha anasema jamani steji ya nne haiponi msimpe mama matumaini hewa, na mama mwenyewe yuko katikati hajui afurahi au anyamaze. Nimeona niandike nilichoelewa kwa madaktari na kwa kusoma, kwa sababu naamini kabisa mtu anaweza kufurahia habari njema yote mpaka mwisho bila kuongeza neno lisilo la kweli.

Tuanze na steji yenyewe. Steji ya nne maana yake kansa imehama kutoka ilikoanzia ikaenda kukaa sehemu nyingine ya mwili. Kansa ya shingo ya kizazi ikienda kwenye pafu haigeuki kuwa kansa ya mapafu, bado ni ileile ya shingo ya kizazi na inatibiwa kwa dawa za huko ilikotoka. Na kitu ambacho wengi hatujui, steji inaandikwa ugonjwa unapogundulika, hairudi nyuma. Hata uvimbe ukipungua wote huwezi kusikia daktari anasema mgonjwa ametoka ya nne sasa yuko ya pili. Kwa hiyo ukiona cheti bado kimeandikwa steji ya nne wakati mgonjwa anapanda mlima kwenda Kibosho kuangalia migomba yake, usishtuke, hakuna kinachopingana hapo.

Sasa imunotherapi. Mwilini tuna seli zinaitwa seli T, kazi yake ni kutafuta seli zenye hitilafu na kuziua, ziwe zimeingiliwa na virusi au zimeanza kuwa kansa. Seli hizi zisipokuwa na cha kuzizuia zitashambulia hata mwili wenyewe, kwa hiyo zimewekewa breki. Breki moja inaitwa PD-1, iligunduliwa Japani mwaka 1992 kwenye maabara ya Tasuku Honjo, nyingine inaitwa CTLA-4 na Mmarekani James Allison ndiye aliyeonyesha kwamba ukiizuia, mwili unaweza kupigana na kansa, na wote wawili wakapewa Nobel ya tiba mwaka 2018. Ujanja wa kansa nyingi ni kwamba zinaikanyaga hiyo breki, seli T inafika mpaka kwenye uvimbe halafu inasimama tu. Dawa kama pembrolizumabu na nivolumabu zinakwenda kuondoa mguu wa kansa kwenye breki. Basi. Dawa yenyewe haiui seli ya kansa hata moja, kinachoua ni kinga ya mgonjwa mwenyewe.

Nasisitiza hapa kwa sababu neno kinga limeleta wauzaji wengi. Watu wakisikia mama anatibiwa kwa kinga, wanaleta unga wa mlonge, juisi ya mshubiri, vidonge vya kuongeza kinga vya laki na nusu kwa kopo. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Hakuna unga unaogusa PD-1. Na baadhi ya hivyo vitu vinaumiza ini, halafu ini likichafuka kwenye vipimo daktari hajui alaumu dawa ya hospitali au kopo ulilolificha chini ya kitanda, matokeo yake dawa inasimamishwa mpaka ijulikane. Sisi watu wa kaskazini tuliona mwaka 2011 magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe, shilingi mia tano, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini yamekwisha. Simdharau aliyekwenda, mtu akiumwa anakwenda popote. Ila ukiwa kwenye imunotherapi mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama amekuletea mama mkwe.

Inafanya kazi kwa nani? Hapa inabidi tuwe wakweli. Kuna kansa ambazo dawa hizi zimebadilisha kila kitu. Melanoma, ile kansa ya ngozi inayotokana na seli za rangi, zamani ikishasambaa wagonjwa wengi hawakufikisha mwaka. Kwenye utafiti mkubwa uliotoa matokeo ya miaka kumi mwaka 2024, waliopewa nivolumabu na ipilimumabu (dawa inayozuia ile breki ya CTLA-4) kwa pamoja, asilimia 43 walikuwa bado wako hai baada ya miaka kumi. Miaka kumi, na wengi wao walikuwa steji ya nne! Jimmy Carter aliyekuwa rais wa Marekani ni mfano ambao kila mtu anautaja, Agosti 2015 akiwa na miaka 90 alitangaza melanoma imefika ini na ubongo, akafanyiwa upasuaji, mionzi na akapewa pembrolizumabu, Desemba hiyohiyo akasema vipimo havionyeshi kansa, na alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Lakini angalia, alipata tiba tatu, na melanoma ndo moja ya kansa zinazoitika vizuri zaidi. Kansa ya tezi dume na ya kongosho kwa wagonjwa wengi haziitiki. Mtu mwenye kansa ya kongosho akipelekewa stori ya Carter kama ahadi, hiyo si kumtia moyo.

Kwa shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inaongoza kwa wanawake wa Tanzania, utafiti uliotoka 2021 uliwahusisha wanawake 617 ambao ugonjwa ulikuwa umerudi, umesambaa, au haukuondoka. Wote walipewa kemo, nusu wakaongezewa pembrolizumabu. Baada ya miaka miwili, kati ya kila mia waliopata dawa hiyo karibu 50 walikuwa hai, na kwa wale wengine karibu 40. Soma namba hizo mara mbili. Zinasema dawa inasaidia kweli, na zinasema pia kwamba nusu hawakufika hiyo miaka miwili. Mama mdogo alipoelezwa aliuliza swali moja tu, na hao waliofika wanaendeleaje? Daktari akamwambia baadhi yao wanaendelea muda mrefu sana, tatizo hatuwezi kujua mapema nani atakuwa yupi.

Kuna vipimo vinavyosaidia kukisia. Kile kinyama kilichokatwa mwanzoni kinaweza kupimwa PD-L1, yaani kuangalia kama kansa inatumia ile breki kwa wingi, na kingine kinaangalia kama seli za kansa zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa kwenye DNA zake, MSI wanakiita. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu pembrolizumabu kwa kansa yoyote yenye hiyo MSI ya juu bila kujali imeanzia wapi mwilini, ilikuwa mara ya kwanza dawa ya kansa kuruhusiwa kwa namna hiyo. Kwa hiyo kabla hamjauza hata mbuzi, ulizeni kinyama kimepimwa au hakijapimwa. Nimeona familia inachanga mamilioni kisha ndo wanaambiwa aina ya kansa ya baba haiitiki, na ile hela ingetosha dawa nyingine pamoja na nauli za mwaka mzima.

Na mwenye virusi vya UKIMWI asikate tamaa mapema, kama anatumia ARV vizuri na virusi vimeshuka, hali hiyo peke yake si sababu ya kunyimwa imunotherapi. Wenye ugonjwa ambao kinga tayari inashambulia mwili, au waliopandikizwa figo, hao ndo wanahitaji mazungumzo marefu na daktari kabla ya kuanza. Wenye ualbino nao niwataje kwa sababu kansa ya ngozi inawaua vijana, kuna dawa ya kundi hilihili inaitwa semiplimabu iliyoruhusiwa Marekani 2018 kwa kansa yao ya ngozi ikishafika mbali, ila hapahapa Moshi kwenye hospitali ya KCMC kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinatengeneza losheni ya kuzuia jua kwa ajili yao, na losheni inayopakwa kila asubuhi inaokoa wengi kuliko dripu itakayokuja mwishoni.

Sasa tufike kwenye majibu yenyewe, hapa ndo penye ugomvi wa ndugu.

Kipimo cha kwanza baada ya kuanza dawa huwa kinafanyika wiki ya tisa mpaka ya kumi na mbili hivi. Mama mdogo alikuja na bahasha kubwa ya kaki, ndani kuna filamu na karatasi ya ripoti. Daktari akaweka filamu ya zamani na mpya pamoja kwenye mwanga, akachukua kalamu bila kuifungua mfuniko akaonyesha doa la kwenye pafu, hapa lilikuwa milimita 31, sasa ni 14. Tezi za tumboni nazo zimesinyaa. Halafu akasema neno ambalo sisi wote tulitegemea liwe kubwa zaidi, akasema, "Mama, dawa imeitika." Mama akauliza, imeitika ndo nini daktari.

Ndo hivi. Madaktari wanachukua uvimbe mkubwa kadhaa, wanajumlisha vipenyo vyake, wanalinganisha na mwanzo. Jumla ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi wanasema imeitika kwa sehemu. Kama vyote vimetoweka kwenye picha wanasema imeitika kikamilifu. Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi kutoka pale ilipokuwa ndogo kuliko zote, au kukatokea uvimbe mpya, wanasema ugonjwa unaendelea. Katikati ya hapo ugonjwa umetulia. Na hilo la kutulia linaonewa sana! Ndugu wakisikia umetulia wanasema aah kumbe dawa haijafanya kitu, wakati kansa ambayo ilikuwa inakua kila mwezi na sasa miezi inapita haikui, hiyo ni habari njema kabisa, mtu anakula, analala, anakwenda kwenye harusi ya mtoto wa jirani.

Neno la kikamilifu nalo linahitaji utulivu. CT haioni kundi la seli dogo la chini ya milimita chache. Kwa hiyo ugonjwa kutoonekana haimaanishi haupo, ndo maana dawa inaendelea hata picha ikiwa safi, mara nyingi mpaka miaka miwili kama mwili unaivumilia, na vipimo vinaendelea baada ya hapo. Wapo ambao unabaki hauonekani mwaka baada ya mwaka mpaka madaktari wenyewe wanaanza kuongea kwa kujiamini. Wapo unaorudi. Siku ya majibu hakuna anayejua, na kutokujua huko hakuifanyi siku hiyo kuwa ya uongo.

Kuna kingine cha ajabu kidogo, wagonjwa wachache uvimbe unaonekana umekua kwenye picha ya kwanza halafu unapungua baadaye, kwa sababu seli za kinga zimejaa ndani yake na kuuvimbisha. Si wengi, na mara nyingi ukikua umekua kweli. Ila kama mgonjwa anajisikia vizuri, ana nguvu, hamu ya kula imerudi, daktari anaweza kusema tusubiri wiki kadhaa tupime tena kabla ya kubadili dawa. Msimwone anazembea.

Madhara. Kwa kuwa breki imeachiwa, kinga inaweza kushambulia sehemu yoyote nzima ya mwili. Utumbo, mapafu, ini, ngozi, tezi ya shingoni, hata kongosho mtu akapata sukari ambayo hakuwa nayo, na mara chache moyo. Nywele hazinyonyoki kama kwenye kemo, dripu yenyewe ya pembrolizumabu ni nusu saa, mtu anatoka anatembea, ndo maana watu wanadhani ni dawa nyepesi. Mama mdogo alianza kuhara, tukasema ni mtori ulilala. Siku ya pili tukasema ni maji. Alikwenda zahanati ya jirani wakampima wakamwambia taifodi, akapewa antibayotiki, akaendelea kuhara mpaka miguu haina nguvu. Aliyemuokoa ni nesi wa dripu alipopiga simu kumkumbusha tarehe, aliposikia tu akasema leteni mgonjwa leo, msisubiri kesho. Ilikuwa ni utumbo umeshambuliwa na kinga. Tiba yake ni steroidi kama prednisoloni, kwa dozi kubwa inayoshushwa polepole kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyokuwa rahisi.

Kwa hiyo mgonjwa awe na karatasi kwenye pochi iliyoandikwa jina la dawa na namba ya simu ya hospitali, na akienda popote aseme natumia imunotherapi, asiseme natumia kemo tu, kwa sababu matibabu ya madhara yake ni tofauti. Kuhara, kukohoa kukavu na pumzi kukata, macho kuwa ya njano, kiu na kukojoa sana, upele unaosambaa, hayo yote ni ya kupiga simu siku hiyohiyo. Uchovu na kusikia baridi kupita kiasi inaweza kuwa kazi ya tezi ya shingoni imeshuka, na kwa Moshi mwezi wa saba kila mtu anasikia baridi, ni rahisi sana kulipuuza hilo. Na madhara yanaweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya dawa kusimama.

Pesa sasa, na inauma. Bei iliyoandikwa ya pembrolizumabu Marekani ni zaidi ya dola 11,000 kwa dozi moja ya wiki tatu, yaani zaidi ya milioni 25 za kwetu. Nchi nyingine bei ni tofauti, na ndo maana baadhi yetu tunaishia India, lakini bado ni hela inayomaliza ukoo. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 kwa melanoma, na Septemba 2025 likaongeza kansa nyingine ikiwemo ya shingo ya kizazi iliyosambaa. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye duka la dawa, ila ni hoja ya nguvu kwa serikali na bima. Na kuna jambo linalonipa moyo sana: hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilijaribu nivolumabu miligramu 20 tu kila wiki tatu, wakati dozi ya kawaida ni 240 kila wiki mbili, kwa wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo ambao tayari wanapewa vidonge vya bei nafuu. Waliokuwa hai baada ya mwaka wakapanda kutoka asilimia 16 hadi 43. Huo utafiti ulifanywa na watu wenye matatizo kama yetu kwa ajili ya watu kama sisi, na ningependa sana kuona madaktari wetu wanapewa fedha za kufanya kama huo hapa. Hakimiliki kuu ya pembrolizumabu Marekani inaisha 2028, baada ya hapo tutegemee nakala za bei ya chini, kwa wengine ni mbali, najua.

Familia kaeni mpange mapema mtafika wapi. Semeni kiwango. Mgonjwa awepo kwenye kikao. Mama mdogo alisema mwenyewe kihamba, yaani shamba la ukoo, kisiguswe, na hakikuguswa.

Halafu kuishi na hizo habari. Watu wa kanisani walitaka atoe ushuhuda wa kupona, kwa nia nzuri kabisa, na yeye anaamini Mungu amemtendea. Ila alikataa neno kupona kwa sababu mbili. Moja, hataki akirudi kwenye dripu waseme imani yake imepungua. Mbili, ameona wenzake wakitangazwa wamepona, misaada inakatika siku hiyo, hakuna tena wa kumpeleka hospitali wala wa kumchotea maji. Akasimama akasema uvimbe umepungua zaidi ya nusu, dawa inaendelea, nitapima tena, mniombee na mnishike mkono. Watu walishangilia vilevile.

Tiba shufaa iendelee pia. Wengi wanadhani ni ya mtu anayekufa kesho, hapana, ni watu wa kutuliza maumivu, usingizi, hofu, na mambo ya nyumbani, na inakwenda sambamba na dawa ya kansa. Hospitali ya Selian kule Arusha wametoa huduma hiyo kwa miaka mingi mpaka majumbani. Wiki ya kipimo mama mdogo halali, hata sasa na majibu mazuri, na kuongea na mtu aliyezoea hofu hiyo kunamsaidia kuliko sisi tunaomwambia usiwaze.

Na wale anaokaa nao kwenye chumba cha dripu, baadhi dawa haikuwaitika. Akipewa majibu mazuri hapigi vigelegele pale, anasubiri aulizwe. Juzi dada mmoja kutoka Himo alimfuata nyumbani akitaka jina la dawa ili akanunue kwa ajili ya mama yake, na tayari ameshapata mnunuzi wa shamba. Mama mdogo akamkalisha, akamuuliza mama ana kansa ya wapi, kinyama kilipimwa PD-L1? Yule dada hakuwa anajua. Akamwambia shamba lisubiri, nenda kwa daktari wake kesho uulize hilo kwanza, akamwandikia hayo maneno kwenye kipande cha karatasi ili asiyasahau njiani.